Kompyuta Niliyoivalisha Gauni

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usihangaike kutafuta gazeti la zamani. Huenda limeshafungia mtu sabuni. Nakupa kwa ufupi, na huo ufupi wenyewe unanitia aibu.

Mimi ni mfumaji wa vitambaa. Vile vya kutandika juu ya redio, migongoni mwa makochi, juu ya televisheni. Mtaani wananiita Mama Vitambaa. Shule nimeishia ya msingi, lakini ukinipa uzi na sindano ya kufumia simwogopi mwenye digrii.

Binti yangu wa pili tunamwita Nesi, maana ndicho anachosomea. Alipokwenda mafunzo katika hospitali ya mbali aliniachia kompyuta yake ya mezani pale sebuleni, niwe naangalia mitindo ya kufuma aliyoniwekea. Humo humo mlikuwa na ripoti yake ya kumalizia chuo. Kurasa sitini na mbili. Miezi minane amezunguka nyumba hadi nyumba akiwauliza kina mama kwa nini wakishajifungua hawarudi kliniki. Ripoti hiyo ichapwe, ijalidiwe, ifike chuoni Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri. Isipofika, mtoto anarudia mwaka.

Alinibandikia karatasi ukutani: "Mama, mambo matatu tu. Usizibe matundu ya kompyuta. Usimpe mtu aiguse. Usiizime kwa swichi ya ukutani."

Mambo matatu. Mtoto wa chekechea angeyaweza.

La kwanza nililivunja ndani ya siku tatu. Lile boksi lake, wanaloliita sipiyu, nililifumia gauni zima la rangi ya waridi, na bitana ya satini ndani ili vumbi lisipenye, na vifungo mgongoni. Mashine ikaanza kujizima yenyewe. La pili nikalivunja kwa sababu ya la kwanza: nikamwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayejiita Injinia. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema ni virusi. Akaondoka na boksi ndani ya gunia. Akalirudisha Alhamisi asubuhi, kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Nikawasha. Kioo kina picha ya mlima wenye theluji. Ripoti haipo.

Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita. Sasa sikiliza, na kama wewe ni mama na una mtoto anayesoma, sikiliza kwa masikio yote mawili.

Injinia alikuwa bado yuko kwenye kochi langu, anachokonoa meno kwa bisibisi.

"Shemeji, ripoti ya mtoto iko wapi?"

"Ripoti ipi?"

"Ilikuwa hapa, kushoto, imeandikwa Ripoti ya Mwisho."

"Aah, hiyo. Hiyo ilikuwa na virusi."

"Umejuaje?"

"Shemeji, virusi hawaelei hewani. Wanalala ndani ya mafaili. Mimi nimeyatoa mafaili yote, wamekosa pa kulala. Godoro likiingia kunguni wewe unafanyaje? Si unalichoma?"

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Mashine yenyewe iliuliza. Mara mbili! Sijui una uhakika, sijui nini na nini. Hapo unabonyeza ndiyo. Ukianza kusoma kila kinachoandikwa pale, kazi haiendi."

Injinia hasomi. Shika neno hilo, litarudi.

Uinjinia wake, kama hujui, aliupata kwa kumshikia tochi fundi redio. Miezi miwili. Fundi akahama, tochi ikabaki kwake, akawa Injinia. Remoti isiposhika, virusi. Simu isipochaji, virusi. Pasi ya dada yangu ilipokataa kupata moto alisema virusi wameingia kwenye waya, na sote tukaitikia kwa vichwa kama mbuzi. Hata mimi. Hasa mimi.

"Usinune, shemeji," akasema. "Nimekuwekea filamu. Mia moja na hamsini! Za ngumi na za mapenzi. Bure kabisa."

Simu yangu ikalia. Mtoto.

"Shikamoo Mama. Kompyuta inaendeleaje?"

"Marahaba. Inaendelea vizuri, mwanangu. Imepumzika."

"Hujaifunika?"

"Niifunike ya nini, kwani ina homa?"

"Na ripoti ipo?"

Sasa hapa, mama mwenzangu, ndipo nilipotakiwa kusema haipo. Neno moja. Mtoto angepata siku nzima ya kuhangaika. Badala yake ulimi wangu ukasema: "Ipo."

"Basi nimetulia. Kesho mapema napanda basi, nimeshapata na ukurasa wenye muhuri wa hospitali, ndio uliokuwa unanisubirisha. Na hata ikikusumbua usiwe na hofu, nakala nyingine iko kwenye flashi, kwenye mfuko wa lile koti langu jeupe nyuma ya mlango."

Nilikata simu nikitaka kucheza. Nakala nyingine! Nikamkata Injinia jicho, nikaenda nyuma ya mlango.

Koti halipo.

Halipo kwa sababu lilikuwa kambani, linang'aa kama yai. Nilikuwa nimelifua asubuhi ile ile. Kuloweka, kusugua, dawa ya kung'arisha, kukamua. Kwa mapenzi ya mama. Mfukoni sikutia mkono, maana mtoto wangu ni msafi, nikajua hana takataka mfukoni.

Flashi yenyewe ni kidude cha urefu wa kidole gumba. Niliichomoa mfukoni ikachuruzika maji ya sabuni.

"Injinia! Hii imelowa, tufanyeje?"

Hakuinuka hata kwenye kochi. "Nguo ikilowa unaikausha na nini?"

"Jua."

"Na ukiwa na haraka?"

"Pasi."

"Sasa unaniuliza nini?"

Utanicheka. Cheka, mimi mwenyewe nikisoma nilichoandika nacheka. Lakini mtu mwenye hofu hana akili, na mtu mwenye pasi ana pasi tu. Nikatandika shuka mezani, nikailaza flashi, nikaifunika kitambaa chepesi kama ninavyofanya kwa nguo za harusi, nikaweka moto wa hariri. Moto mdogo kabisa! Mimi si mjinga wa kuunguza kitu.

Nikapitisha mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kukanuka plastiki.

Nilipofunua, flashi ilikuwa imejikunja kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, na ua moja la kitambaa changu limejichapa mgongoni mwake.

Injinia akainama, akaitazama kwa makini, akavuta pumzi ndefu ya kitaalamu.

"Eeh," akasema. "Wamekimbilia huku."

Nilimfukuza na pasi mkononi. Bahati yake waya ulikuwa mfupi.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda kwa mtu ambaye ningepaswa kwenda kwake siku ya kwanza. Sikwenda siku ya kwanza kwa sababu ya kiburi, andika hivyo.

Bi Karani anakaa nyumba tatu kutoka kwangu. Miaka thelathini alikuwa mpigachapa wa ofisi kubwa, ameanzia mashine za kugonga hadi kompyuta, na sasa amestaafu na ulimi wake haujastaafu. Miaka kumi namshawishi anunue vitambaa, miaka kumi ananiambia, "Vyombo vyangu havioni haya, viache uchi." Ndiyo maana nilikuwa simpendi.

Nililibeba boksi mbelekoni kama mtoto. Na nililivalisha gauni lake kwanza, kwa sababu mimi sitembei barabarani na kitu kisichovaa.

Nilimkuta na jirani yetu anayeuza mayai. Simu yake haichaji wiki nzima, Injinia kamwambia betri ina virusi. Bi Karani akaizima simu, akachukua kijiti cha meno, akachokoa polepole pale chaja inapoingia, akatoa kinyuzinyuzi cha kijivu.

"Kirusi chako hiki hapa," akasema. "Pamba ya mfuko. Imejishindilia humo, chaja haigusi mwisho. Chomeka."

Simu ikatoa mlio, ikaanza kuchaji. Muuza mayai akaondoka anaimba. Mimi nikajisogeza na mzigo wangu.

Bi Karani akavaa miwani. Akalitazama gauni. Akanitazama mimi. Akalitazama gauni tena.

"Umelivalisha nguo."

"Ni ya kuzuia vumbi, Bi Karani."

"Mtoto hakukwambia usizibe matundu?"

"Sikuziba! Kitambaa kimefumwa, chenyewe ni matundu matupu. Nilihesabu, yanapita mia nne. Mashine ina matundu, mimi nikaiongezea mengine."

Na hilo ndilo nililoliamini, wallahi. Nilidhani nimemsaidia mtoto.

Bi Karani akageuza upindo, akaona satini.

"Na hii?"

"Bitana."

"Ina matundu mangapi?"

Nikaurudisha upindo chini.

"Inama," akasema.

"Nini?"

"Inama, mwanamke, nina kazi nyingine."

Akalivua boksi gauni, akanivisha mimi kichwani. Gauni zima, mpaka mabegani, akafunga na vifungo kimoja kimoja. Kiza. Harufu ya uzi na ya satini.

"Hesabu mpaka mia mbili. Kwa sauti, nisikie."

Nikahesabu. Thelathini, pua inawasha. Sitini, jasho linatiririka machoni. Mia moja na kumi, pumzi yangu mwenyewe inanirudia usoni kama mvuke wa sufuria.

"Bi Karani, nitakufa humu!"

"Hufi. Utazimika tu, kama alivyozimika yeye."

Aliponivua nilikuwa nimeloa hadi shingoni. Yeye ameketi, ananywa chai.

"Sasa umeelewa bila mimi kuchora," akasema. "Humo ndani mna feni. Inavuta hewa ya baridi huku, inatoa ya moto kule nyuma. Ukiziba nyuma, moto unabaki ndani. Ukizidi, mashine inajizima isije ikaungua. Ilikuwa inajiokoa, masikini. Kila ikijizima ilikuwa inakwambia nivue. Haikuwa na virusi. Ilikuwa na wewe."

Nikamweleza yaliyobaki, ya Injinia na kufuta kila kitu.

"Kilichofutwa hakitoki siku hiyo hiyo," akasema. "Mtu anayejua anaweza kukifukua, mradi ile mashine iachwe kama ilivyo, pasiwekwe kitu kingine juu yake. Hamkuweka kitu?"

"Filamu."

"Ngapi?"

"Mia moja na hamsini."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi kuna watu mia moja na hamsini wanapigana ngumi juu ya ripoti ya mtoto wako. Mwingine apewe bahati ya kuifukua, mimi siwezi. Nakala nyingine hana?"

"Alikuwa na flashi. Nikaifua."

"Hilo si neno. Kikilowa kikiwekwa kivulini siku mbili tatu, kisichomekwe popote mpaka kikauke kabisa, vingi vinapona. Kilete."

"Niliipiga pasi."

Akanisogezea sikio.

"Rudia."

"Kwa moto wa hariri, Bi Karani."

Yule mwanamke ana miaka karibu sabini, nilidhani nimemuua. Alicheka mpaka chai ikamwagika, akacheka mpaka akalia, kisha ghafla akaacha, uso ukawa mkavu kama rula.

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ipo."

Hakucheka tena. Ningependa angecheka. "Kompyuta ikiharibika inatengenezwa," akasema. "Hilo ulilofanya sina kijiti cha kulichokolea."

Nikainamisha uso. Akaniacha niiname, kisha akagonga meza kwa kidole.

"Hebu fikiri badala ya kulia. Ripoti hiyo aliwahi kuipeleka popote? Barua pepe?"

"Mwalimu wao anataka karatasi tu."

"Alishawahi kuchapa?"

"Jalada. Kabla hajasafiri alienda kwa Mama Chapa kuchapa jalada, aone kama jina lake limekaa katikati."

"Jalada lilikuwa peke yake, au kwenye faili moja na kurasa zote?"

"Moja. Alisema anafungua yote, anachapa ukurasa mmoja."

Bi Karani akasimama. Sijawahi kumwona anasimama haraka vile.

"Mama Chapa hachapi kitu kikiwa ndani ya flashi ya mtu. Anakivuta kwanza kwenye mashine yake, anakiweka pale kiooni, ndipo anachapa. Na hafuti! Nimemgombeza miaka. Ukikaa dukani kwake unasoma barua za kuomba kazi za mtaa mzima, na wosia wa mzee ambaye bado anatembea. Uchafu mtupu. Lakini leo kimbia ukambusu miguu. Ripoti ya mwanao imelala kule na jalada lake."

Saa tano na nusu. Nikaliacha boksi mezani kwake, gauni nikalikunja kwapani, nikatoka mbio. Mwili wangu huu haukuumbiwa mbio, kandambili moja ilikatika mbele ya kinyozi nikaiacha hapo hapo.

Simu ikalia njiani.

"Mama, nimeshuka kwenye basi. Nakuja nyumbani."

"Usije nyumbani! Pitia kwa Mama Chapa."

"Mbona unahema?"

"Niko njiani. Tukutane hapo, uchape moja kwa moja."

"Kumbe umeshanipelekea ripoti? Jamani Mama wangu! Mwenyewe nilikuwa nawaza nitaanzia wapi. Asante sana, Mama."

Hiyo asante ilinichoma kuliko kama angenitukana. Lakini nikajiambia, ripoti ipo, dakika tano nitakuwa nayo mkononi, na uongo wangu utageuka kuwa kweli kabla hajafika. Umeona mawazo ya mtu mwongo? Hata akipewa nafasi ya kutoka anatafuta dirisha, mlango ameachiwa wazi.

Nje ya duka la Mama Chapa benchi limejaa. Wanafunzi, mwanamke na hati za kiwanja, baba mmoja na picha za pasipoti.

"Hakuna kuchapa leo," akasema baba wa picha. "Mashine inazimika kila baada ya dakika kumi."

Kabla sijaingia nilishajua nitakachokiona.

Lilikuwa pale juu ya meza ya Mama Chapa. Gauni la samawati, maua ishirini na manne, vifungo vya lulu mgongoni. Nililifuma kwa mikono yangu. Mama Chapa alikuja kwangu akaliona la kwetu akalitamani, akasema lake liwe zito zaidi maana duka liko barabarani, vumbi jingi.

Nikamwekea bitana mbili.

Na nyuma ya meza, amekaa kwenye kiti cha mwenye duka, bisibisi sikioni, ni nani?

"Shemeji!" akasema Injinia. "Umenifuata mpaka kazini?"

"Usiguse kitu!"

"Ni virusi wale wale wa kwako. Wamehamia huku, namwoshea mashine."

"Si virusi, ni joto! Livueni hilo gauni, boksi linaungua humo ndani!"

Mama Chapa ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza sauti. Akageuka, mikono kiunoni. "Wee Mama Vitambaa, si ni wewe uliyeniambia nisilivue hata siku moja? Ukaniambia kila anayelivua anaita vumbi?"

Benchi lote likacheka.

"Nilikuwa mjinga, Mama Chapa. Niambie kitu kimoja. Ripoti ya Nesi wangu ipo humo? Alikuja kuchapa jalada."

"Ipo, mbona ipo! Iko pale juu, karibu na wosia wa..." Akajishika mdomo, maana benchini kulikuwa na mtoto wa huyo mzee. "Ipo. Kwani nini?"

"Mwambie Injinia aache. Ataifuta. Ya kwangu ameshaifuta."

Mama Chapa akamgeukia. "Weee, kuosha kwako ni kufuta?"

"Si kufuta, ni kusafisha."

"Na mafaili yangu?"

"Mama Chapa, mimi nikiosha naosha kila kitu, sibagui."

"Acha kwanza!"

"Niache vipi sasa, nimeshafika penyewe. Hii hapa inauliza."

Kweli. Katikati ya kioo kulikuwa na kisanduku cheupe chenye maandishi, na chini yake vitufe viwili.

"Soma, Injinia!" nikapiga kelele. "Mara moja tu katika maisha yako, soma inauliza nini!"

"Inauliza yale yale," akasema, kwa uvivu wake ule ule, na kidole kikashuka.

Niwaambie kitu. Katika yale mambo matatu aliyonibandikia mwanangu ukutani, moja tu ndilo nililokuwa nimelishika. La tatu. Usiizime kwa swichi ya ukutani. Nilijivunia hilo. Usiku na mchana nilikuwa nikiizunguka ile swichi kama ina meno.

Nilirusha mkono nikaipiga.

Tap.

Kioo cheusi. Mashine kubwa ya kuchapia ikaguna ikanyamaza. Kidole cha Injinia kilikuwa juu ya kitufe, kimelala.

"Umebonyeza?" nikamuuliza.

"Nadhani."

"Unadhani, au umebonyeza?"

Kwa mara ya kwanza tangu kaka yake anioe, yule mtu hakutaja virusi. Akakitazama kidole chake kama si chake. "Kilifika, shemeji. Lakini sijui kilifika kabla kioo hakijazima, au baada."

"Mama?"

Amesimama mlangoni, begi begani, vumbi la safari miguuni. Mkononi ana bahasha ya plastiki, na ndani yake ule ukurasa wenye muhuri wa hospitali, ameushika wima usijikunje. Anatabasamu bado. Macho yakatoka kwa Injinia yakaja kwenye gauni la samawati, yakashuka kwenye la waridi lililo kwapani mwangu, yakaishia kwenye mkono wangu uliokuwa bado uko kwenye swichi ya ukutani.

Tabasamu likaondoka taratibu.

"Mama, ripoti yangu iko wapi?"

Mama Chapa akawahi kunisaidia. "Washa tuone, si itakuwepo tu. Washa, mtoto achape aende zake."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Niwashe kwanza, ikiwepo, nanyamaza milele na hakuna atakayejua. Nilikiona kabisa kidole changu kinavyotaka.

Badala yake nililivuta lile gauni la samawati kwa mikono miwili. Vifungo vya lulu vikaruka, kimoja kikampiga Injinia shavuni. Boksi likabaki uchi. Nilipoligusa mgongo lilikuwa la moto kama jiwe la jikoni.

"Mwanangu, kabla sijawasha nataka ulisikie kwangu. Ya nyumbani ilifutwa jana. Flashi niliifua, kisha nikaiunguza. Ulipopiga simu nilijua haipo, nikakwambia ipo. Iliyobaki ni humu, kama ipo. Kama haipo, ni mimi. Si virusi, si huyu. Mimi."

Nesi aliweka begi chini. Akatazama saa ya Mama Chapa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Akanitazama kwa muda, kwa jicho nililomwona nalo siku moja akimtazama mgonjwa, jicho linalopima bila kusema limeona nini.

"Washa, Mama," akasema.

Nikawasha.

Feni ikaanza kuvuma. Kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake halisi, nyepesi, kama ya mtu aliyevuliwa mzigo kifuani. Ikavuma, ikavuma. Sote tukainama mbele ya kioo, hata benchi la nje lilikuwa limejaa mlangoni, hata Injinia alikuwa ametoa miwani mfukoni ambayo sijawahi kumwona akiivaa.

Kioo kikabaki cheusi. Kisha juu, pembeni, yakaanza kutokea maandishi meupe, mstari baada ya mstari.

Na yule ambaye hasomi akasogea karibu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na midomo yake ikaanza kutikisika. Alichokisoma nitakwambia wiki ijayo.